Sauti ya Mlinda Lango

Kila alasiri, akishavua sare na kufua soksi zake, Mawingu alilala chali kwenye zulia la sebuleni na kuegemeza miguu juu ya kochi. Hakuna mahali alipopapenda kuliko hapo. Pazia lilikuwa jepesi, na jua la saa kumi lilipopenya ndani yake, chumba kizima kiligeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyuma ya ukuta ilisikika sauti ya shangazi yake, chini chini, ikipanda na kushuka. Maneno hayakusikika. Ilikuwa kama mtu anayezungumza ndani ya maji.

Jina lake la kwenye daftari la shule lilikuwa jingine. Mawingu lilikuwa jina alilopewa nyumbani, kwa sababu ukimtuma chumvi angeweza kurudi na kijiko, au asirudi kabisa, ukamkuta amesimama mlangoni anatazama jinsi vumbi linavyoelea kwenye mwanga. Baba yake, ambaye alikuwa fundi wa friji, alizoea kuwaambia wateja, "Huyu yuko hapa, ila mwenyewe ametoka kidogo."

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba, naye aliishi nao katika chumba cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni za Kijapani, zile ambazo vijana huziita anime. Asubuhi aliweza kuwa bibi kizee mwenye kikohozi, mchana akawa paka. Lakini mwaka ule alikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Mlinda Lango katika *Mji wa Ukungu*.

Katuni hiyo ilionyeshwa kila Jumamosi asubuhi, na darasa la Mawingu halikukosa hata sehemu moja. Ilihusu mji usioona jua, ambako kila mtu alitembea na taa yake mkononi, na taa ikizimika mwenyewe husahau jina lake. Shujaa alikuwa msichana mdogo aitwaye Mbeba Taa. Mlinda Lango alikuwa mwanamke mrefu mwenye joho la kijivu, asiyecheka wala kukaa chini. Siku ukungu mweusi ulipouvamia mji, alifunga lango huku mdogo wake mwenyewe akiwa bado nje. Tangu sehemu hiyo ilipoonyeshwa, watu wote walimchukia.

Mawingu hakumchukia. Alikuwa amemtazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama hesabu. Aliona kwamba kila mara Mbeba Taa alipopita langoni, Mlinda Lango alisogea hatua moja, akasimama upande unaotoka upepo, na taa ya yule mtoto haikuyumba. Aliona pia kwamba watu wengine walimbembeleza Mbeba Taa kwa kumwambia mama yake atarudi. Mlinda Lango peke yake alimwambia hatarudi, kisha akasimama naye bila kusema neno mpaka mtoto akachoka kulia. Wenzake waliona ukatili. Mawingu aliona mtu anayeheshimu mwenzake kiasi cha kutomdanganya.

Mawazo haya aliyabeba kila mahali. Aliyabeba bafuni, akiwa na sabuni mkononi na maji yakimwagika bure. Wakati mwingine barabara ya kwenda shule ilijaa ukungu kichwani mwake, na watu waliopita na mifuko yao akawaona kama wanaobeba taa.

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko, wanafunzi walikaa kwenye ngazi za darasa wakijadili sehemu ya juzi. Mwongeaji mkuu alikuwa mvulana waliyemwita Wakili, ambaye angeweza kubishana na ukuta mpaka ukuta ukaomba radhi.

"Mtu anayemfungia mdogo wake nje si mtu," alisema Wakili. "Kesi imekwisha."

"Labda alikuwa na sababu," Mawingu alisema.

"Sababu gani? Ushahidi uko wapi?"

Mawingu alitaka kueleza habari za upepo na taa, lakini wenzake walikuwa wameshaanza kucheka. Mmoja alisema Mawingu anamtetea kwa kuwa ni shangazi yake anayemtilia sauti. Rafiki yake wa karibu, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake, alimgusa mkono kama kumwambia, achana nao. Lakini uso wa Mawingu ulikuwa umepata moto. Maneno yakamtoka kabla hajayaona yanakuja.

"Ushahidi ninao. Shangazi ameniambia mwisho wake."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Ni mdogo wake ndiye aliyemwomba afunge," Mawingu aliendelea. Sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayesimulia ndoto. "Taa ya yule mdogo ilikuwa imezimika. Angeingia, ukungu mweusi ungeingia naye, na taa zote za mji zingezimika. Kwa hiyo akaomba afungiwe nje. Dada yake akakubali kuchukiwa, asije mtu yeyote akamlaumu mdogo wake."

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja alifuta macho kwa ukosi wa shati. Hata Wakili alibaki anakuna magoti. Mawingu alihisi kama ameinuliwa juu kidogo kutoka kwenye saruji. Ili asishuke, akaongeza: Mlinda Lango ndiye mama halisi wa Mbeba Taa, na yule mdogo hakufa, aligeuka ndege mweupe.

Wakitoka shule, Kidoti alimuuliza taratibu, "Ni kweli shangazi yako amekuambia?"

"Kweli," Mawingu alijibu, akatazama pembeni.

Dada yake Wakili alikuwa na simu, na kwenye simu hiyo kulikuwa na kundi la wapenzi wa *Mji wa Ukungu*. Wakili alimsimulia, naye akaandika yote kama yalivyo, pamoja na maneno kwamba habari imetoka kwa mwigizaji wa sauti ya Mlinda Lango mwenyewe. Kesho yake Kidoti alimwambia Mawingu kwamba watu wengi wameisoma na wanaitumiana. Mawingu alisikia raha, kisha kitu kidogo kama punje ya mchanga kikamkwama kifuani. Akakiacha hapo.

Jumanne ya wiki iliyofuata, shangazi alirudi nyumbani mapema. Aliingia chumbani bila kuvua viatu, akafunga mlango. Alasiri hiyo Mawingu alilala kwenye zulia kama kawaida, akasubiri ile sauti ya ndani ya maji. Haikuja. Siku iliyofuata haikuja pia. Shangazi alitoka kuoga na kula, na walipokutana koridoni alimtazama Mawingu kwa namna ya pekee, akapita.

Mawingu aliwaza sana. Alidhani amemuudhi kwa kuacha sufuria ikaungua Jumapili. Kisha akadhani sauti ya shangazi imepotea, imemtoka kooni kama moshi, na sasa inazunguka mjini ikitafuta njia ya kurudi. Wazo hilo lilikuwa zuri na la kusikitisha, akakaa nalo muda mrefu, na wala hakwenda kubisha mlango.

Alhamisi mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele jikoni, alimpa jagi la maji ampelekee baba uani. Baba alikuwa amelaza friji kubwa ubavu, amechuchumaa nyuma yake na bisibisi mdomoni. Shangazi alikuwa amekaa karibu naye kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hawakumwona Mawingu, kwa kuwa friji ilikuwa kati yao.

"Wamenisimamisha kazi, kaka," shangazi alikuwa akisema. "Kuna mtu ameandika mwisho wa katuni kwenye simu, na anasema ametoa kwangu. Tuliahidi wote kutunza siri. Msimamizi ananiuliza, na mimi sina la kumjibu. Wiki ijayo watampa mtu mwingine sehemu zilizobaki."

Baba alitoa bisibisi mdomoni. "Na wewe umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Lakini nimefikiri, nikaona kosa ni langu. Nafanya mazoezi chumbani, na mtoto analala pale sebuleni kila siku. Amesikia ukutani."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize ili iweje? Ajue kwamba amenikosesha kazi? Ni mtoto, kaka. Mimi ndiye niliyepaswa kwenda kufanyia mazoezi mbali. Mwache."

Mawingu alisimama na jagi lake. Angeweza kurudi nyuma polepole, hakuna ambaye angejua. Aliufikiria mlango ule uliofungwa na jinsi alivyokaa akitunga hadithi juu yake. Nyuma ya mlango mtu alikuwa akijilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Alizunguka friji.

"Sikusikia kitu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukutani nasikia sauti, sisikii maneno. Nilitunga mwenyewe, Shangazi. Nilitaka wanisadiki, nikasema umeniambia."

Baba alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akachukua jagi, akanywa maji yote bila kupumua, kama mtu anayepata nafasi ya kutafuta maneno.

"Kesho ukitoka shule," alisema mwishowe, "tutakwenda wote watatu. Na utasema wewe, si mimi."

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Ngazi zilinuka mpira mpya. Lakini mlango mzito ulipofungwa nyuma yao, kelele zote za mtaani zilikatika mara moja, kana kwamba mtu ameziweka mfukoni. Kuta zilikuwa zimefunikwa sponji nyeusi yenye vichuguu vichuguu. Ukimya ulikuwa mzito hata Mawingu akasikia damu ikipita masikioni mwake. Kwenye chumba kidogo cha vioo ilining'inia maikrofoni, na mbele yake kioo kikubwa cha kuonyeshea picha. Akamwona shangazi akiitazama maikrofoni ile kama mtu anayemwona ndugu kwa mbali na hawezi kumwita.

Msimamizi wa studio alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alizungumza taratibu sana, hata ilibidi watu wamwinamie.

"Shikamoo," Mawingu alisema.

"Marahaba. Nimeambiwa una neno."

Mawingu alisema yote: ngazi za darasa, kicheko, Wakili, na uongo. Msimamizi hakumkatiza. Alipomaliza, yule mama alivua miwani.

"Unataka niamini kwamba uliyatoa kichwani?"

"Ndiyo."

"Kichwa chake kina vyumba vingi, mama," baba alisema kwa upole. "Vingine hata sisi hatujaingia."

Msimamizi hakutabasamu. "Watoto wengi wametunga mwisho wa katuni hii. Hakuna aliyenitia wasiwasi ila wewe. Kwa nini?"

Msimamizi aligeukia mashine yake, akatafuta, na kwenye kioo kikatokea lango la Mji wa Ukungu, kijivu na kubwa, na Mlinda Lango mbele yake. "Nionyeshe," alisema. "Kama ulidhani, nionyeshe ulianzia wapi."

Kisha picha ikaanza kutembea, ukungu ukajikunjua, na yeye akaingia ndani yake kama alivyozoea. Akasahau kuogopa.

"Hapo anafunga," alisema. "Watu wanatazama lango. Mimi nilitazama mkono. Ameshafunga komeo, lakini haliachii. Kama angekuwa hamtaki mdogo wake, angeondoka. Sasa rudisha nyuma kidogo, utazame pale nje, kabla lango halijafungwa kabisa. Mdogo wake anafumbua mdomo. Anasema kitu, ila hatusikii. Angekuwa analia, wangetusikilizisha kilio chake, ili tumchukie dada. Alichosema wamekificha. Na ni neno fupi. Nadhani amesema 'funga'. Tena kuna habari ya upepo."

Msimamizi alisimamisha picha. Akageuka kumtazama shangazi, na shangazi alikuwa akitazama sakafu, akijitahidi uso wake usiseme chochote.

"Upepo gani?" msimamizi aliuliza. "Kwenye simu hapakuandikwa habari za upepo."

"Hawakunipa nafasi kuyasema hayo," Mawingu alijibu, akaeleza jinsi Mlinda Lango anavyosogea hatua moja kila mara. Baba, ambaye hakuwahi kuitazama katuni ile hata dakika moja, alikuwa amejisogeza mpaka karibu na kioo.

"Yapo uliyopatia," msimamizi alisema, "na yapo uliyokosea kabisa, na sitakuambia ni yapi. Umetazama vizuri kuliko watu wazima wengi." Kisha akainama zaidi. "Lakini nisikilize. Kuhusu Mlinda Lango ulikuwa unawaza tu, na kuwaza ni ruhusa. Uongo wako ulikuwa kuhusu shangazi yako. Uliweka maneno kinywani mwake ambayo hakuyasema, nami nikamwadhibu kwa maneno hayo. Hata kama ungepatia yote, hilo lingebaki uongo."

Machozi yalimtoka Mawingu. Hakuyafuta.

"Wote uliowaambia, kawaambie ukweli," msimamizi alisema. Akamgeukia shangazi. "Na mimi nilipaswa kukuuliza kwa utulivu, badala ya kukuhukumu. Nisamehe. Jumatatu asubuhi njoo kazini."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Akasema ahsante, akacheka kidogo, kisha akalia kidogo.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Mawingu alisimama kwenye ngazi za darasa. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani. Yote yakampotea.

"Shangazi hakuniambia kitu," alisema. "Nilidanganya. Nilikuwa nadhani tu."

"Kwa hiyo hujui lolote," alisema Wakili.

"Sijui."

Kulikuwa na miguno, na mmoja akamwita mwongo waziwazi. Mawingu alisimama akayapokea yote. Wakili alikuna magoti yake, akafikiri.

"Dada yangu itabidi afute aliyoandika," alisema. Kisha akaongeza kwa shingo upande, "Ila tuambie basi kwa nini ulidhani hivyo. Kesi isikilizwe."

Mawingu akaeleza, na safari hii alianza kila jambo kwa "nadhani". Wengine walikubali, wengine walikataa, wakabishana mpaka kengele ikalia. Msichana mmoja alisema labda Mlinda Lango ni mwoga tu na mkono wake ulitetemeka kwa hofu, na Mawingu akagundua kwamba hakuwahi kuwaza hivyo, na kwamba huenda ni kweli.

Walipoingia darasani ndipo Kidoti alipomwambia, "Mimi nilikuuliza tukiwa wawili tu. Hapakuwa na mtu wa kukucheka." Wiki nzima alikwenda nyumbani na wasichana wengine. Mawingu hakumlazimisha. Wiki iliyofuata Kidoti alimsubiri getini, wakatembea pamoja bila kuzungumza sana, na kabla hawajaachana Kidoti akamuuliza nini anadhani kitatokea Jumamosi.

Ile siku ya Jumatatu yenyewe, alasiri, Mawingu alimkuta shangazi uani akianua nguo. Mashuka meupe yalikuwa bado kambani, yamejaa upepo, na shangazi alitokea na kupotea kati yake. Mawingu alimsaidia kuokota vibanio.

"Shangazi, kwa nini hukuniuliza?"

Shangazi alianua shuka moja. "Nilijiona namlinda mtu. Kumbe nimefunga mlango tu, tukabaki kila mmoja upande wake akimtungia mwenzake hadithi. Hilo kosa langu, nimeliona."

"Kwa hiyo nisidhani tena?"

"Dhani sana," shangazi alisema. "Mtu wa kwenye katuni hawezi kutoka kwenye kioo akujibu, kwa hiyo anahitaji watu kama wewe wa kumtazama mkono. Lakini mtu aliye hai yupo. Usimsemee. Ukitaka kujua, muulize, na ukiwa hujui, sema hujui. 'Nadhani' ni neno dogo, mwanangu. Ungelisema siku ile, usingekosa heshima, na mimi nisingekosa kazi."

Mawingu aliyasikiliza maneno hayo mpaka mwisho, bila kuelea kwenda popote.

"Basi nakuuliza," alisema. "Ulinikasirikia?"

"Sana. Mpaka asubuhi hii nilisahau mistari yangu mbele ya maikrofoni."

"Na sasa?"

Shangazi alishusha shuka la mwisho, akafikiri kwa kweli kabla ya kujibu. "Bado kidogo," alisema. "Itaisha."

Mawingu akashika ncha mbili za upande wake, shangazi akashika za upande wa pili, wakalinyoosha shuka kati yao na kuanza kulikunja.